Mlinzi Aliyesingiziwa: p53 na Swali la Adhabu

Protini iitwayo p53 ilipogunduliwa mwaka 1979, na makundi kadhaa ya watafiti waliokuwa wakifanya kazi London, Princeton, New York na Ufaransa, iliingia katika vitabu vya sayansi ikiwa mshtakiwa. Ilikutwa kwa wingi ndani ya seli za uvimbe, na kukutwa mahali pa tukio kukatosha kuifanya mtuhumiwa. Kwa miaka kumi ilihesabiwa miongoni mwa vitu vinavyochochea saratani, tena majaribio yalionekana kuunga mkono shitaka hilo, kwani ilipopandikizwa katika seli, seli zilielekea kugeuka na kuzaana ovyo. Mwaka 1989 ndipo maabara ya Bert Vogelstein kule Baltimore, na ile ya Arnold Levine kule Princeton, zilipoonyesha kwamba nakala za jeni zilizotumika katika majaribio yale zilikuwa zimeharibika. p53 iliyo nzima huzuia saratani. Kilichokuwa kikijazana kwenye uvimbe kilikuwa mabaki ya mlinzi aliyekwisha kujeruhiwa.

Kosa lile lilifanywa na watu makini, wenye vipimo na wenzao wa kuwasahihisha. Nje ya maabara tunahukumu kwa ushahidi mdogo kuliko huo. Mtu akibainika kuwa na saratani, minong'ono haichelewi: kuna mkono wa mtu, ukoo ule una laana, nani ajuaye aliyoyatenda ujanani. Wenye lugha ya dini husema kwa sauti ya upole zaidi kwamba Mungu anamwadibisha, au kwamba imani yake ina upungufu. Swali ninalotaka kulijibu ni kama ugonjwa huu unaweza kusomwa kuwa hukumu dhidi ya mtu aliyeupata. Nasema hauwezi. Huruma peke yake ingetosha kutunyamazisha, lakini hoja yangu haisimami juu ya huruma. Inasimama juu ya namna saratani inavyoanza, na juu ya yale ambayo dini zetu zenyewe zinayadai kuhusu haki.

Mwili wa mtu mzima una seli zinazokadiriwa kufika trilioni 30, na kila seli inayogawanyika hulazimika kunakili herufi bilioni 6 hivi za DNA. Hata isipogawanyika, DNA yake hudhurika kila siku mara maelfu kwa maelfu, kwa joto la mwili, kwa maji, kwa oksijeni ileile tunayoivuta. Sehemu kubwa ya madhara hayo hurekebishwa bila sisi kujua. Katika seli iliyo salama, p53 hutengenezwa na kuvunjwa papo hapo, kwa kuwa protini nyingine, MDM2, huishika na kuitia alama ya kuharibiwa, hata isidumu ila dakika chache. DNA ikikatika, vimeng'enya vya dharura huibadili p53 kidogo tu, MDM2 ikashindwa kuishika, nayo ikaanza kujaa ndani ya kiini cha seli. Humo hujiunga nne nne, hushika DNA na kuwasha jeni nyingine. Mojawapo ni jeni ya p21, iliyoelezwa mwaka 1993, ambayo hufunga vimeng'enya vinavyoisukuma seli kutoka hatua moja ya mgawanyiko hadi nyingine. Seli husimama. DNA ikirekebishwa, seli huendelea na safari yake. Madhara yakizidi, p53 huwasha jeni za kifo, na seli hujimaliza kwa utaratibu bila kuwaumiza majirani. David Lane, mmoja wa walioigundua, aliiita mwaka 1992 mlinzi wa jenomu. Katika takriban nusu ya saratani za binadamu jeni ya mlinzi huyu, iliyopo kwenye kromosomu ya 17, imeharibika, na katika nyingi ya zilizobaki amezuiwa kwa njia nyingine.

Lenye uzito zaidi kwa hoja yangu ni kwamba uharibifu wa jeni hiyo mara nyingi huacha alama ya kilichousababisha. Mionzi ya urujuanimno kutoka kwa jua hugandisha herufi mbili za DNA zilizo jirani, na nakala inayofuata hukosewa kwa namna inayotambulika: C mbili hugeuka T mbili. Mwaka 1991 Douglas Brash na wenzake walilikuta kosa hilo hilo ndani ya jeni ya p53 katika saratani za ngozi. Miaka mitano baadaye ilionyeshwa kwamba kemikali moja iliyomo katika moshi wa tumbaku, ikiwekwa pamoja na seli za mapafu, hung'ang'ania sehemu zilezile za jeni ya p53 ambazo ndizo huharibika mara kwa mara katika saratani ya mapafu. Atakaye kujua kilichotokea anaweza basi kuusoma uvimbe wenyewe, na maandishi yaliyomo yanataja jua, moshi, sumu na makosa ya kunakili. Hayataji uzinzi wala wizi, wala sala iliyoachwa.

Tuchukue watu wenye ualbino. Tanzania ni miongoni mwa nchi ambazo idadi yao ni kubwa ikilinganishwa na watu wote, na saratani ya ngozi huwaua wengi wao kabla ya kuzeeka. Wamebebeshwa maneno ya laana tangu kuzaliwa, na ngozi inapoanza kutoa vidonda visivyopona, kuna wanaoona kwamba laana imekamilika. Lakini ngozi isiyo na rangi ya kuikinga huruhusu mionzi kuzifikia seli, mionzi huvunja DNA, na p53 hulinda hadi pale yenyewe inapopigwa. Jua la Mwanza au la Shinyanga halimbagui mwema na mwovu. Linabagua ngozi iliyofunikwa na ngozi iliyo wazi. Ndiyo maana hospitali ya KCMC, Moshi, hutengeneza mafuta ya kujikinga na jua, Kilisun, kwa ajili ya watu hawa mahususi. Ugonjwa ungekuwa hukumu ya mbinguni, kofia pana na mafuta ya kupaka visingeweza kuipunguza. Vinaipunguza, kwa sababu vinaizuia sababu halisi.

Mfano wa mahindi unanigusa zaidi, kwa kuwa humo tunaona jinsi lawama inavyoweza kumkosa anayestahili. Fangasi aitwaye Aspergillus flavus hustawi kwenye mahindi na karanga zilizovunwa au kuhifadhiwa zikiwa na unyevu, naye hutoa sumukuvu. Mwaka 1991 tafiti mbili, moja ya Qidong, China, na nyingine ya kusini mwa Afrika, zilikuta kwamba saratani za ini katika maeneo yenye sumukuvu nyingi zilishiriki kosa moja la ajabu: katika kodoni (kundi la herufi tatu) ya 249 ya jeni ya p53, herufi G imegeuka T, na protini ikapokea serini mahali pa arginini. Herufi moja kati ya bilioni. Sumu hii ikiingia kwa wingi huua haraka, kama ilivyotokea Kenya mwaka 2004, hasa Makueni na Kitui, ambako watu 125 walikufa kati ya 317 walioripotiwa kuugua, na kama ilivyotokea Dodoma na Manyara mwaka 2016. Ikiingia kidogo kidogo, ugali baada ya ugali, hufanya kazi yake kwa miaka kwenye ini, na vibaya zaidi kwa aliye na virusi vya homa ya ini aina ya B. Mama aliyepika mahindi yale hakuwa na mengine. Mfanyabiashara aliyejua kuwa gunia limeota ukungu akalichanganya na jema ana la kujibu, na mamlaka iliyoacha maghala mabovu ina la kujibu. Tukisema ni mapenzi ya Mungu na kuishia hapo, wote hao wanaondoka bila kuulizwa lolote, na anayebaki kuchunguzwa dhambi zake ni yule aliyekula.

Nitaulizwa kuhusu saratani ya shingo ya kizazi, ambayo Tanzania inaongoza miongoni mwa saratani za wanawake. Hapa, watasema, tabia inahusika, kwani kirusi cha HPV huenezwa kwa kujamiiana. Ni kweli kwamba huenezwa hivyo. Katika saratani hii jeni ya p53 kwa kawaida imebaki nzima. Kirusi hutengeneza protini yake, E6, inayoikamata p53 na kuipeleka ikavunjwe. Lakini HPV huwapata wengi mno kati ya watu wanaojamiiana, na kwa walio wengi mwili hukifukuza kirusi wenyewe. Mke aliyemjua mume wake tu anaweza kukipata kwa mume huyo, akaugua baada ya miaka ishirini, huku mume, aliyekileta nyumbani, akiwa mzima wa afya. Mwenye kuitafuta hukumu hapa atakuta imemwangukia aliye mwaminifu na kumwacha mwingine. Chanjo iliingizwa nchi nzima Tanzania mwaka 2018 na Kenya mwaka 2019, kwa wasichana wadogo. Mzazi anayeikataa kwa hofu kwamba itamfungulia mwanawe mlango wa uasherati amekwisha kuuhesabu ugonjwa kuwa fimbo ya maadili, na yuko tayari kumwachia binti yake fimbo hiyo. Hilo silioni kuwa uchamungu.

Kisha kuna watoto. Mwaka 1969 Frederick Li na Joseph Fraumeni walieleza familia ambazo saratani za aina nyingi zilirudi kizazi hadi kizazi, zikiwashika hata wadogo kabisa. Mwaka 1990 ikajulikana kwamba wengi wa watu hao hurithi nakala moja mbovu ya jeni ya p53. Kusini mwa Brazili kuna badiliko moja la jeni hiyo linalobebwa na takriban mtu mmoja kati ya 300, nalo huleta uvimbe wa tezi za juu ya figo kwa baadhi ya watoto wasiojua hata kusema. Wanaoshikilia dhana ya laana ya ukoo watadhani wamepata ushahidi hapa. Wamepata urithi, na urithi si hatia. Ezekieli alikanusha wazi kwamba mwana hubeba uovu wa baba, na Qurani inakataa mara kadhaa kwamba nafsi itabebeshwa mzigo wa nyingine. Mtoto mchanga hana tendo la kulipwa wala ufahamu wa kulielewa onyo. Maumivu asiyoweza kuyahusisha na kosa lolote hayawezi kuwa adhabu, hata yakiitwa hivyo, kwa kuwa adhabu ina sharti: imfikie aliyetenda, ilingane na alichotenda, na iweze kufahamika kuwa ni malipo. Saratani haitimizi hata moja kati ya masharti hayo. Vogelstein na Cristian Tomasetti walikadiria mwaka 2017 kwamba takriban theluthi mbili ya mabadiliko ya jeni yanayokutwa katika saratani hutokana na makosa ya kunakili DNA tu, bila sumu wala urithi. Makadirio hayo yamebishaniwa, na hayana maana kwamba theluthi mbili ya wagonjwa wasingeweza kukingwa, kwani saratani huhitaji makosa kadhaa na kuzuia moja huweza kutosha. Hata hivyo hakuna anayebisha kwamba sehemu kubwa ya makosa hayo humpata yeyote.

Pingamizi lenye nguvu linatoka kwa waumini wenye elimu. Watasema kwamba nimetaja sababu za karibu tu, na kwamba Mungu hutenda kupitia sababu. Hata herufi iliyokosewa haikukosewa nje ya kudra yake. Al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alikwenda mbali zaidi katika Tahafut al-Falasifa: moto hauna uwezo wa lazima wa kuunguza pamba, tunachokiona ni mazoea ya Mungu ya kuviambatanisha viwili hivyo. Kwa nini basi asiambatanishe uvimbe na dhambi? Sina haja ya kumpinga Ghazali ili kujibu. Tukubali kwamba kila badiliko la jeni limo ndani ya elimu na idhini ya Mungu. Bado kusema jambo limetokea kwa idhini yake ni dai moja, na kusema najua kwa nini limemtokea fulani ni dai jingine kabisa. La kwanza ni imani. La pili ni kudai kuwa na habari za ghaibu. Na ikiwa sheria za maumbile ni mazoea yake, basi mazoea hayo tumeyachunguza, na yanaonyesha kwamba kodoni ya 249 huvunjika kwa mla sumukuvu awe imamu, mchungaji au mnyang'anyi. Anayedai kuona humo alama ya hukumu anadai Mungu ameandika kwa mwandiko usiotofautisha mwenye hatia na asiye nayo. Yesu alipoulizwa kuhusu mtu aliyezaliwa kipofu, kama dhambi ilikuwa yake au ya wazazi wake, alikataa yote mawili. Na kuhusu waliouawa na mnara wa Siloamu, alikana kwamba walikuwa wakosaji kuliko wakazi wengine wa Yerusalemu. Katika hadithi za Mtume, aliyekufa kwa tauni au kwa ugonjwa wa tumbo anahesabiwa miongoni mwa mashahidi.

Wengine watahofu kwamba nikiondoa hukumu naondoa wajibu, na mvuta sigara atasingizia bahati mbaya. Sivyo. Sigara ni kisababishi, na kuiacha ni wajibu kwa anayeweza. Lakini wajibu wa kesho hautupi haki ya kumsomea mtu mashtaka akiwa kitandani, hasa tukikumbuka kwamba wavutaji wengi hawapati saratani ya mapafu na kwamba wapo wanaoipata bila kuvuta hata mara moja. Lawama, zaidi ya hayo, ina matokeo. Anayeogopa kusemwa huficha kidonda, huzunguka kwa waganga na kwenye maombezi, na hufika hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, ugonjwa ukiwa umeenea, kama wanavyofika wengi wa wagonjwa wake. Siwezi kusema ni wangapi wamecheleweshwa na aibu na wangapi na nauli. Ila nauli sisi wahubiri na waandishi hatuwezi kuipunguza kwa kuchunga ndimi zetu, aibu tunaweza.

Kuna jaribio la kumtetea Mungu ambalo nalionea shaka, ingawa lingeifaa hoja yangu. Husemwa kwamba udhaifu wa p53 ni bei ya uhai: DNA isingekosewa, viumbe visingebadilika wala kuzoea mazingira, na mlinzi angekuwa mkali zaidi tungezeeka mapema kwa kupoteza seli. Ushahidi upo. Mwaka 2002 watafiti wa Houston walieleza panya waliokuwa na p53 kali kupita kawaida. Uvimbe uliwapata kwa nadra, lakini mifupa yao ililegea mapema, viungo vikanyauka, na maisha yao yakafupika. Mwaka huo huo, hata hivyo, wenzao wa Madrid walitengeneza panya wenye nakala za ziada za jeni ya p53 ikiongozwa kwa utaratibu wake wa asili. Hao walikingwa dhidi ya saratani na wakazeeka kama panya wengine. Naye tembo wa Afrika, huyu wa Tsavo na Ruaha, ana nakala 20 za jeni hiyo, nyingi zikiwa zimefupishwa, mahali ambapo sisi tuna moja. Seli zake hujiua upesi DNA inapovunjika, na inakadiriwa kwamba chini ya tembo 5 katika 100 hufa kwa saratani, licha ya mwili wake mkubwa na miaka yake mingi. Kwa hiyo siwezi kumwambia mzazi wa mtoto mgonjwa kwamba isingewezekana tuumbwe na mlinzi bora. Kwa nini hatukupewa, mimi sioni jibu katika biolojia, na majibu ya wanateolojia niliyoyasoma hayamtoshi mzazi huyo. Pengo hilo halinirudishi kwenye adhabu. Swali la kwa nini ulimwengu una saratani liko wazi. Swali la kama mgonjwa huyu amehukumiwa limejibiwa.

Kitabu cha Ayubu kinayatenganisha maswali haya mawili kwa ukali ambao mimbari zetu mara nyingi huusahau. Ayubu, ambaye Waislamu nao wanamheshimu kuwa nabii wa subira, analalamika, anadai maelezo, anakataa kukiri kosa asilolitenda, na maelezo anayoyadai hapewi. Marafiki zake watatu wanamtetea Mungu sura baada ya sura kwa nadharia moja: aliyepigwa lazima alikosa. Mwishoni Mungu anawakasirikia wao, kwamba hawakusema yaliyo sawa juu yake kama alivyosema Ayubu. Anawaamuru wachukue ng'ombe saba na kondoo dume saba waende kwa Ayubu, naye Ayubu awaombee. Masimulizi yanasema hali yake ilirejeshwa alipokwisha kuwaombea. Maana yake ni kwamba walipomwendea alikuwa bado hajaponywa, na maombi yaliyokubaliwa kwa ajili ya washitaki wake yalitoka kwa mtu mwenye majipu mwilini.